Friji ya Kinondo Iliyopona Kila Nilipofika

Friji ya kwanza niliyoitwa kuitazama niliizima moto ili ipoe. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu wiki iliyopita, mliponiaga pale karakana kwa soda na keki, mmoja wenu alisimama akasema mimi nilizaliwa nikiwa na bisibisi mkononi. Nilicheka pamoja nanyi, lakini nilipofika nyumbani niliona haya. Sikuzaliwa na kitu. Nilikuwa kijana mwenye wasiwasi, asiyefundishwa na mtu, na katika miaka yangu ya kwanza ya kazi hali yangu ya kawaida ilikuwa ni kutoelewa. Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mishahara hasa haingejaza ukurasa. Nitawaandikia habari za kutoelewa.

Kwetu ni Waa. Miaka ile ya uhuru, bendera ikiwa bado mpya mlingotini, mimi nilikuwa nikitengeneza taa za karabai na stovu za kupampu kwenye kibaraza cha baba. Nilijifundisha kwa kufungua na kufunga. Nikifunga kitu kikabaki na skrubu moja isiyo na mahali pake, nilikifungua tena chote, hata kama taa ilikuwa inawaka vizuri. Wateja walinipenda kwa hilo na wakanichoka kwa hilo hilo. Mama mmoja alinijia mara tatu kuichukua stovu yake, na kila mara akanikuta nimeitandaza kwenye gunia. "Hamisi," akaniambia, "mimi nataka kupika, sitaki iwe mpya."

Wakati huo Wazungu waliokuwa na nyumba za pwani kule Diani walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na vyombo vyao vikauzwa: vitanda vya chuma, meza, na friji. Msizifikirie friji mnazozijua nyinyi. Umeme ulikuwa haujafika majumbani kwetu. Zile zilitumia mafuta ya taa. Chini pana tangi na kichomeo chenye utambi wa duara, na juu ya kichomeo pana dohani inayopanda nyuma ya friji mpaka juu kabisa. Moto ule mdogo wa chini ndio unaoleta baridi ndani. Isomeni tena sentensi hiyo, mtajua nilivyokuwa najisikia.

Mtu wa kwanza kuniita alikuwa mwenye duka pale Ukunda. Hoja yake ilikuwa fupi: friji ina utambi, na mimi ni mtu wa tambi. Nikachungulia chini nikaona moto unawaka. Nikamtazama.

"Bwana," nikasema kwa upole, "itapoaje na umeiwashia moto chini yake?"

Nikauzima. Aliniamini, maskini. Kesho yake alinijia mpaka Waa kwa baiskeli, na maziwa yaliyochacha kwenye chupa.

"Imepoa?" nikamuuliza.

"Imepoa kama chai ya jana."

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa Mzee Ndaro. Mzee huyu alikuwa mpishi wa nyumba moja ya Diani kwa miaka mingi, na kwa kuwa mwenye nyumba hakutaka kushika masizi, friji ilikuwa mikononi mwa mpishi. Sasa alikuwa amerudi kwake Galu anafuga kuku. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari yangu, na alipofika mahali pa kuuzima moto alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akanieleza. Ndani ya mabomba mna dawa yenye harufu kali ya kutoa machozi. Moto huichemsha ikapanda. Kule juu nyuma, penye mapezi ya bati, hutupa joto lake ikawa maji. Yale maji huingia kwenye sanduku, na humo hulinyonya joto la vyakula, kisha hurudi kuchemshwa tena.

"Joto haliishi, kijana," aliniambia. "Latolewa ndani, latupwa nje kwa nyuma. Wewe kazi yako ni kulipisha tu lisikwame njiani."

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Mzee Ndaro alinifundisha vitu ambavyo hakuna kitabu kilichonifundisha baadaye vizuri zaidi. Moto uwe buluu, na ukiwa wa manjano ukate utambi usawa, kwani moto wa manjano ni masizi, na masizi huziba dohani. Dohani isafishwe kwa brashi ndefu, na kile chuma kilichosokotwa ndani yake kirudishwe mahali pake, maana watu hukiona kama takataka wakakitupa. Mpira wa mlango upimwe kwa kipande cha gazeti: funga mlango juu yake, vuta, kikitoka bila kukushika, hewa inaingia. Na friji isimame sawasawa. Yeye hakuwa na pimamaji. Aliweka bakuli la maji ndani, akatazama ukingo.

Hili la kusimama sawasawa lilinipa kazi ya mwaka mzima. Sisi pwani kabati la chakula tunalisimamisha kwenye mikebe ya maji ili sisimizi wasipande. Kila aliyenunua friji aliifanyia vivyo hivyo, mguu mmoja kwenye mkebe wa maziwa, mwingine wa samli, na chini sakafu ya udongo. Friji ilisimama kama mlevi. Nilikuwa nikifika tu natazama miguu, na mara nyingi kazi iliishia hapo. Kama haikuishia hapo, kulikuwa na dawa ya mwisho: kuipindua kichwa chini miguu juu, kuiacha hivyo mchana kutwa ili dawa iliyokwama kwenye mabomba iteremke, kisha kuisimamisha, kuiacha itulie, na kuiwasha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mwenye nyumba aliita majirani waje kuona fundi aliyechanganyikiwa. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Na kuijua friji ni aina gani? Nilikwenda Mombasa kununua utambi, nikaingia duka la vipuri, Mhindi mmoja mstaarabu akaniuliza modeli gani.

"Nyeupe," nikasema.

"Bwana, zote nyeupe."

"Ina mlango mmoja."

"Zote mlango mmoja. Nenda usome kibati chenye namba."

Nikarudi kutafuta kibati. Kwenye friji nyingi kilikuwa nyuma, chini, karibu na kichomeo, yaani mahali ambapo masizi na chumvi ya bahari hukutana. Vingine vilikuwa vimeliwa na kutu. Vingine mwenye nyumba alikuwa amevipaka rangi ili friji ipendeze. Nilijifunza kusugua kibati kwa limau na kitambaa, taratibu, namba moja baada ya nyingine. Na pale ambapo hakikusomeka kabisa nilijifunza kuitambua friji kwa kichomeo chake: upana wa utambi, umbo la kioo cha kuchungulia moto, dohani inatokea kushoto au katikati. Nawaambia nyinyi mnaoanza: kabla hujashika bisibisi, jua kilicho mbele yako ni nini. Utambi wa aina moja kwenye kichomeo cha aina nyingine utawaka. Utawaka vizuri. Ndiyo hatari yake.

Basi nilikuwa nimefika hapo, najiona nimeanza kuwa fundi, nilipoitwa Kinondo.

Aliyeniita ni Bwana Salim, mkulima wa miwa upande wa Ramisi, ambaye wiki nzima alikuwa shambani na kurudi nyumbani Alhamisi jioni. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe, Bi Mejumaa. Walikuwa na binti mmoja, Riziki, aliyekuwa katika miaka ile ambayo mtoto anakaribia kuitwa mwari. Alikuwa akisoma shule, tena vizuri, wakati wasichana wengi wa rika lake walikuwa wameshaachishwa. Riziki alikuwa na ugonjwa wa sukari. Si ule wa watu wazima. Wake ulikuwa ule unaotaka sindano kila siku ya Mungu. Majirani wenye mdomo, nilikuja kusikia baadaye, walikuwa wakisema baba yake ndiye aliyemletea, kwa kurudi na miwa kila wiki.

Mwanzo alilazwa, kisha akawa anapelekwa hospitali Msambweni kila asubuhi kuchomwa, na shule ikasimama. Baba yake akanunua friji kutoka nyumba moja ya Diani, na daktari akakubali mtoto arudi nyumbani na chupa yake ya dawa, mama ajifunze kuchoma. Masharti yalikuwa mawili. Dawa isikae kwenye joto, na isigande. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Nilipoitwa, friji ilikuwa haipoi. Sasa hapa lazima niwaeleze adabu ya nyumba ile, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mimi sikuelewa. Bwana Salim akiwa shambani, mwanamume wa kando hakuweza kujiingilia tu. Nilikuwa natuma habari siku moja kabla, kwa mtu anayekwenda upande huo, na Bi Mejumaa alikuwa anamwita kaka yake aje akae nasi. Jambo zuri, na sisemi lingekuwa vingine.

Siku ya kwanza nikafika, nikapiga hodi, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini waniaibisha."

"Kwa nini, mama?"

"Hii friji juzi yote ilikuwa moto kama uso wa mwenye homa. Jana jioni nimepata habari waja. Leo nafungua, yanitolea baridi! Wallahi, yanifanya mwongo."

Nikafungua. Ilikuwa baridi. Nikatazama miguu: imesimama kwenye vigae, sawasawa kabisa, bakuli la maji lilitulia kama kioo. Moto buluu. Dohani safi. Mpira ulikishika kipande cha gazeti kisawasawa. Nikasugua kibati, nikakisoma chote, hata namba zisizo na maana kwangu. Hakuna kitu. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Mimi nilikata utambi ambao haukuhitaji kukatwa, nikauinua moto kidogo, nikakaa mpaka alasiri naitazama.

Haikupita muda nikaitwa tena. Haipoi. Nikatuma habari, nikaenda. Inapoa.

"Ijumaa ilikuwaje?" nikauliza.

"Ijumaa ilikuwa moto."

"Na leo?"

"Leo si unaiona? Yakuogopa."

Kaka mtu, aliyekuwa amekaa mlangoni na tasbihi, akasema, "Au yakupenda."

Nilimuuliza Bi Mejumaa maswali mpaka nikajiona sina adabu. Ameweka chungu cha moto ndani? Hajaweka. Mlango unafunguliwa sana? Haufunguliwi, yeye ndiye mwenye ufunguo. Mafuta kayanunua wapi? Duka lile lile. Kuna kitu chochote alichokifanya siku ile ambacho hakifanyi siku nyingine?

"Hiyo friji mimi siifanyi kitu, mwanangu," akasema, na alikuwa anasema kweli kama alivyoijua.

Nikayamwaga mafuta nikayachuja kwa kitambaa, nikidhani yana maji. Nikaisogeza friji mbali na dirisha, nikidhani ni upepo wa baharini unaopuliza moto. Nikauinua moto tena. Vitu vitatu kwa siku moja! Ingepona, nisingejua kilichoiponya. Ingezidi, nisingejua kilichoizidisha. Leo ningemwona mmoja wenu akifanya hivyo ningemnyang'anya bisibisi.

Nilikwenda kwa Mzee Ndaro nikamweleza. Alinisikiliza huku akitupia kuku mtama.

"Ukifika yapona?"

"Kila mara."

"Na ukiondoka?"

"Siku mbili tatu, halafu yaugua. Lakini si kila mara. Mara nyingine inakaa wiki nzima ni nzima."

Akautupa mtama uliobaki mkononi. Nikasogea karibu.

"Basi oa huko," akasema. "Ukae nayo."

Alinitania kwa sababu naye hakujua. Aliniambia niipindue kichwa chini. Nikaenda nikaipindua, mchana kutwa, na Riziki alirudi kutoka shule akaikuta miguu juu.

"Fundi, ndiyo inasujudu?"

"Inapumzika," nikasema.

"Nami nikiugua mtanigeuza hivi?"

Mama yake akamkaripia, lakini mwenyewe alikuwa anacheka. Yule mtoto alikuwa hivyo, anautania ugonjwa wake kabla mtu mwingine hajaupa jina. Mama yake hakuweza. Mbele ya mama yake neno "sukari" lilikuwa halitajwi ila kwa ya kuweka kwenye chai. Nililiona hilo na sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria mabomba.

Kisha jambo likageuka likawa baya zaidi, na kwa upande nisioutazamia. Asubuhi moja Bi Mejumaa alifungua friji akakuta chupa ya dawa imekuwa barafu. Haikuwa moto wala vuguvugu. Maji ya kwenye birika yalikuwa barafu, na tui la nazi lilikuwa jiwe. Bwana Salim aliipeleka ile chupa hospitali. Daktari aliimimina kwenye sinki mbele yake, akampa nyingine, na akasema maneno ambayo Bwana Salim alinirudia neno kwa neno, akiwa amesimama kibarazani kwetu Waa na kofia mkononi. Chupa ya pili ikiharibika, mtoto hatakaa Kinondo. Atakwenda kuishi Mombasa kwa shangazi yake, karibu na hospitali.

"Na shule?" nikauliza.

"Shangazi yake ana watoto wadogo sita," akasema. "Unadhani atampeleka shule?"

Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu. Alisema tu, "Fundi, itengeneze, au niambie haitengenezeki niitupe. Nisichokiweza ni kutojua."

Na mimi pia ndicho nisichokiweza. Friji moja, moto ule ule, mahali pale pale. Leo haipoi, kesho inagandisha mawe. Kama haina nguvu, yagandishaje? Kama ina nguvu, yashindwaje? Nilikuwa nikitembea njiani najibizana mwenyewe, watu wakanipisha. Nikaushusha moto. Nikaomba Mungu, na zaidi ya kuomba nikamwambia Bi Mejumaa kama ataiona inapata joto aitoe chupa, aifunge kwa kitambaa kibichi, aiweke juu ya mchanga wenye maji chini ya mtungi. Hiyo haikuwa dawa ya friji. Ilikuwa namna ya kukubali kwamba sijui.

Halafu Riziki akahitimu Kurani. Chuoni kwao alikuwa wa kwanza wa darasa lake, na wazazi wake wakafanya karamu. Wakanialika. Nasisitiza neno hilo kwa sababu ndilo lililobadilisha mambo yote: safari hii sikutuma habari kwamba nakuja kutazama friji. Nilikuja na kanzu na kofia, kama mtu.

Wanaume tulikaa nje chini ya turubai. Ndani walikuwa wanawake, na sauti zao zilikuwa nyingi kuliko zetu. Nikala pilau nusu sahani. Mawazo yangu yalikuwa yameshaingia ndani ya nyumba yamepiga magoti nyuma ya friji. Mwishowe nikamwegemea Bwana Salim nikamnong'oneza kwamba ningependa kuutazama moto, dakika tu, kwa sababu nyumba ikijaa watu hewa hubadilika. Sijui kama nilikuwa nayaamini maneno hayo. Alinihurumia nadhani. Akasimama mlangoni akaita, "Jamani, jistirini, fundi apita!"

Nikapita nimeinamisha macho. Nikafika kwenye chumba cha kati, nikayainua. Friji haikuwapo.

Palikuwa na kitu kirefu kimevishwa nguo nyeupe iliyodariziwa maua ya buluu pembeni, kutoka juu mpaka karibu na sakafu, pande zote nne. Juu yake palikuwa na chupa ya chai na chetezo. Nikageuka huku na huku kama mtu aliyeibiwa.

"Mama, friji iko wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Iko mbele yako, wataka iwe wapi?" mmoja akasema. Huyu alikuwa Bi Nimwaka, jirani, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki. "Au umezoea kuiona uchi?"

Nikazunguka nyuma. Ile nguo ilikuwa imeshonwa kwa uangalifu mkubwa. Juu palikuwa na tundu lililopindwa vizuri, dohani itokeze isiunguze kitu. Nikapitisha mkono chini ya nguo penye yale mapezi ya bati. Joto lilinipiga kama la tanuri ya mkate. Joto lote lililotolewa ndani lilikuwa limefungiwa mle, limevishwa maua ya buluu.

Nilisimama pale na mkono wangu ndani ya nguo, na nadhani nilikuwa nimefungua mdomo. Bi Mejumaa akaja mbio akanivuta pembeni.

"Mama," nikanong'ona, "hii nguo waivisha lini?"

"Wakija wageni. Ijumaa, na siku za arusi, na za matanga. Kwa nini?"

"Na mimi nikija?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama jua huchomoza. "Wewe ukija nikuachie friji na nguo zake? Daktari humtazama mgonjwa na shuka? Nikipata habari yako naivua, naifuta, nakungoja."

Basi. Siku za wageni ilivaa, ikaungua. Mimi nikauinua moto ili ishinde lile joto. Wageni wakiondoka, au habari yangu ikifika, inavuliwa, na moto niliouinua unaigandisha mawe. Nilikuwa nimetaka kujua kila kitu kuhusu friji ile ila namna inavyoishi nisipokuwepo.

"Iondoe, mama. Sasa hivi. Isivishwe tena."

Uso wake ukafunga. "Waondoke kwanza."

"Tangu lini imevaa?"

"Tangu juzi."

"Na chupa imo?"

Akajishika shavu. Kazi ya karamu ilikuwa imemsahaulisha mtungi. "Hamisi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina, "nikiivua watauliza mna nini ndani. Nyumba ya nani hapa Kinondo ina friji? Watu watauliza ya nini. Mimi nina binti. Kuna wanawake humu wana watoto wa kiume. Nikishasema mara moja, sitaweza kulirudisha."

Sikuwa na bisibisi ya jambo hilo. Nikasimama nikitazama vidole vyangu. Nilijua ninachopaswa kusema, kwamba kuficha ugonjwa ndiko kutakakompeleka mtoto Mombasa, lakini mimi nilikuwa nani wa kumwambia mama yule mbele ya wageni wake? Na tulidhani tunanong'ona.

Riziki alikuwa amekaa juu ya mkeka mpya, na leso yake na wanja, katikati ya wanawake waliokuja kwa ajili yake. Akainuka. Akaja akaitoa chupa ya chai, akakitoa chetezo, akaishika nguo kwa pande mbili na kuivuta juu taratibu isinaswe na dohani. Friji ikabaki pale, nyeupe, na kutu yake kwenye pembe.

"Ni friji," akasema. Akaikumbatia nguo kifuani. "Imewekwa kwa ajili ya dawa yangu. Nina ugonjwa wa sukari, nachomwa sindano kila siku. Fundi asema ikifunikwa dawa yaharibika."

Nje wanaume walikuwa wakigonganisha sahani. Bi Mejumaa alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga.

Bi Nimwaka ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Twajua, mwanangu. Kinondo nzima yajua. Ulipokuwa ukipelekwa Msambweni kila asubuhi tulidhani wenda kununua nini?" Kisha akamgeukia mama yake. "Mejumaa, sisi tukija hapa twaketi twatazama lile shuka lako lenye maua, twangoja utuambie. Mpaka leo. Miguu yatuuma."

Mtu akacheka, halafu wakacheka wengi, na Bi Mejumaa alikuwa analia na kucheka pamoja ndani ya kanga yake. Mimi nikaifungua friji. Chupa ilikuwa vuguvugu lakini dawa ilikuwa safi, haikuganda wala kufanya ukungu. Tukaiweka chini ya mtungi. Kesho yake Bwana Salim akaipeleka kwa daktari, akaambiwa bado inafaa, na mtoto akarudi shule Jumatatu na daftari zake. Mimi nikaushusha moto mahali pake pa kweli, na hicho ndicho kitu kimoja tu nilichokibadilisha.

Wiki iliyofuata sikuweza kukaa. Bwana Salim alikuwa ameniambia, "Sasa wewe piga hodi tu, usitume mtu," nikaenda. Nilimkuta Bi Mejumaa chumba cha kati anachambua mchele, na kaka yake kando. Friji ilikuwa haina nguo, mgongo wake mbali na ukuta kwa upana wa mkono. Nikapiga magoti nikatoa brashi.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Moto ni buluu?"

"Ni buluu."

"Ndani kuna baridi?"

"Iko baridi, mama. Sawasawa."

"Basi watafuta nini huko chini?"

Nikaiteremsha brashi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu, wala kujiuliza. Akauweka ungo chini, akaufungua mlango wa friji, akanimiminia maji kwenye bilauri. Dawa ya Riziki ilikuwa kwenye rafu ya kati, peke yake, inaonekana na kila mtu.

"Kaa," akasema. "Leo usiguse kitu."

Nikakaa kwenye mkeka karibu na kaka mtu. Mikono yangu sikujua niiweke wapi, nikaishika bilauri kwa yote miwili. Nikayanywa maji mpaka mwisho, meno yakaniuma kwa baridi, nikaomba mengine.